Anayekesha kwa Ajili ya Waliolala

Chukua orodha ya watumishi wa shule yoyote ya bweni katika nchi yetu. Juu kabisa utamkuta mkuu wa shule, kisha makamu wake, walimu kwa masomo yao, karani, mtunza stoo na wapishi. Mwisho kabisa, na mara nyingine kwa kalamu ya risasi kana kwamba jina lenyewe litafutwa kesho, utamkuta mlinzi wa usiku na matroni wa bweni. Hao ndio wanaoajiriwa mwisho, wanaolipwa mwisho na wanaosahauliwa kwanza. Lakini tangu saa nne za usiku, taa zinapozimwa, hadi kengele ya alfajiri, wote waliotajwa juu yao wamelala, na shule nzima imo mikononi mwa hawa wawili.

Jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu, maana katika miaka yangu ya ukuu wa shule niliwaajiri watu wa namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Chuo cha ualimu kilitufundisha kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutunga mitihani, kutunza daftari la mahudhurio na kusimamia nidhamu. Hakuna mkufunzi aliyetufundisha namna ya kumchagua mtu wa kukesha mahali walipolala watoto 100. Lilichukuliwa kuwa jambo dogo: mtafute mzee mwenye rungu, mpe tochi, basi.

Nataka kueleza jambo moja tu. Kuna ulinzi wa mali na kuna ulinzi wa watu, na hizi ni kazi mbili tofauti, tena mahali fulani zinapingana kabisa. Mlinzi mwema wa ghala ni yule asiyefungua mlango. Mlinzi mwema wa waliolala ni yule anayejua kuufungua haraka. Historia yetu imetuzoeza kuzichanganya kazi hizi mbili, na waliolipa gharama ya mchanganyiko huo ni watoto.

Sisi wa Bonde la Kilombero tunao mfano wa zamani wa kuanzia, nao ni dungu. Mgeni anayepita kwa treni ya TAZARA kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, akivuka Mngeta na Chita, huviona vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba ya mpunga. Mashamba yetu mengi yako mbali na vijiji, huko bondeni ambako maji ya mto hupanda na kushuka. Kwa hiyo tangu zamani familia huhama wakati wa kilimo na kukaa shambani mpaka mavuno. Mchana kuna ndege, usiku kuna nguruwe, viboko na, mahali pengine, tembo. Lazima mtu akeshe.

Dungu lilikuwa lindo na lilikuwa nyumba. Juu yake walilala watoto, chini yake uliwaka moto, na pembeni lilikaa debe la kupiga ili kufukuza wanyama. Aliyekesha alikuwa baba, mjomba, au kaka mkubwa. Alilinda mpunga, lakini alilinda pia pumzi za waliolala juu ya kichwa chake. Hakuhitaji kuambiwa majina yao. Alikula nao chungu kimoja, na kama hatari ingewafika wao ingemfika na yeye. Tena hakukesha kila siku peke yake. Leo huyu, kesho yule, na aliyekesha aliachwa alale mchana. Yakumbuke mambo haya matatu, msomaji wangu, kwa maana nitayarudia: aliwajua waliolala, alishiriki hatari yao, na alipokewa zamu.

Desturi za jando nazo zinafundisha. Neno kiranja, ambalo leo kila mwanafunzi analijua kuwa ni kiongozi wa darasa au wa bweni, lilitoka huko. Kiranja alikuwa kijana wa kwanza kutahiriwa katika kundi lake. Uongozi wake ulianza kwa kutangulia kwenye kisu. Wenzake walimtii kwa sababu maumivu yaliwafika wao baada ya kumfika yeye. Shule za kikoloni zililichukua neno zikaacha maana. Kiranja wa shule akawa mtu wa kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini. Hapo tayari unaona mabadiliko: mtu wa kuwatangulia wenzake amekuwa mtu wa kuwachunga.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa njia ndefu, na mimi naiona ikipita kwenye kambi. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilikuwa na wanyapara wake. Mnyapara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi. Usiku kambi ilizungushiwa boma la miiba na mioto ikawashwa, na mnyapara alitazama nje, kuliko na simba na wezi, lakini alitazama ndani pia, maana mpagazi aliyetoroka alikuwa hasara kwa tajiri. Kisha yakaja maboma ya Wajerumani. Watu wa bonde letu na wa milimani walilishambulia boma la Mahenge mwezi Agosti 1905, katika vita vya Majimaji, na askari waliolilinda walikuwa Waafrika wenzao, wakilinda jengo na amri ya mtu mwingine. Tangu hapo neno askari likaingia katika vichwa vya watu likiwa na maana ya mtu mwenye silaha anayewatazama wananchi kwa mashaka.

Baada ya hapo yakaja mashamba makubwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kutafutia vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na maelfu ya vijana wakachukuliwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kukaa kwenye kambi. Wakaitwa manamba kwa sababu waliandikwa kwa namba. Jina lenyewe linatosha kuwa somo. Mtu aliyesimamia makazi yao hakuwa na haja ya kujua kwamba huyu ana pumu au yule amefiwa na mama. Alihitaji kujua kama namba fulani ipo au haipo. Makazi yakawa stoo ya nguvukazi.

Kwetu huku makambi ya namna mpya yalikuja na mashamba ya miwa ya Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu na reli. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970 na njia ikakamilika mwaka 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya ujenzi, na vijana wengi wa bonde walipata mshahara wao wa kwanza hapo. Reli ilileta saruji, nondo, mafuta na vyuma. Kwa hiyo ilileta pia mlinzi wa zamu, kufuli kubwa, na mzigo wa funguo kiunoni. Sisemi haya kwa kulaumu. Saruji ina haki ya kufungiwa. Ninachosema ni kwamba kijana wa kijijini aliyetaka kujua mlinzi ni mtu wa namna gani alimwona hapo, mlangoni pa ghala, na picha hiyo ikakaa.

Mijini nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Wenye maduka na majumba ya Dar es Salaam walizoea kuwaajiri Wamakonde kuwa walinzi wa usiku kwa sababu walisifiwa ukali. Katika miaka ya 1990 sifa hiyo ikahamia kwa vijana wa Kimasai, na shuka jekundu langoni likawa kama kibao cha onyo. Tajiri hakumwajiri mtu, aliajiri sifa ya kabila. Hakuuliza kama mlinzi huyo anaweza kusoma namba ya simu ya zimamoto au kama anajua chumba alicholala bibi mgonjwa. Alitaka mwizi aogope. Kwa mwizi dawa hiyo pengine ilifaa. Moto hauogopi shuka wala rungu.

Kwa upande mwingine, ulinzi wa watu kwa watu haukufa. Balozi wa nyumba kumi, tangu miaka ya 1960, alijua nani amelala kwa nani. Mgeni akifika alipelekwa kwake kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa upande wa Kahama na majirani zao walianzisha sungusungu kwa sababu wizi wa ng'ombe ulikuwa umewashinda wenye dhamana. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwapa nguvu ya kukamata, na mwaka uliofuata Augustine Mrema, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaueneza utaratibu huo mijini. Sungusungu ilikuwa na makosa yake, tena makubwa, hasa pale watu walipojifanya mahakimu. Lakini ilirudisha jambo moja la dungu: leo nakesha mimi nawe walala, kesho wakesha wewe nami nalala.

Ndipo tukaja kujenga mabweni na hosteli. Hapa naomba msomaji avute subira kidogo, maana hapa ndipo penye kidonda.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na tangu 2006 kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake. Mwaka 2010 shule za sekondari nchini zilikuwa zimezidi 4,000. Yalikuwa mafanikio ambayo sisi tuliosoma zamani, wakati mtoto mmoja katika kata nzima alionekana kuwa bahati, hatuwezi kuyadharau. Lakini kata za bonde letu ni pana. Mtoto anayetoka ng'ambo ya mto au mwisho wa mashamba hawezi kutembea kwenda na kurudi kila siku, na msimu wa mpunga wazazi wake wako kwenye dungu. Basi akapanga chumba karibu na shule, wakakiita geto. Wasichana wa miaka 14 na 15 wakaishi wenyewe, wakijipikia wenyewe, wakifunga mlango wenyewe. Yaliyowapata baadhi yao kila mzazi wa huku anayajua, na wengi hawakumaliza shule.

Dawa iliyopendekezwa ni hosteli. Wananchi walichanga, wakafyatua matofali, wakachimba msingi. Mbao na bati zilipatikana kwa jasho na kwa wafadhili. Mpaka hapo ni habari njema. Lakini nimehudhuria vikao vya namna hii, na nimeona kwamba jengo huwa na bajeti na mtu hana. Katika kijiji kimoja cha jirani, baada ya hesabu ya misumari kusomwa mpaka msumari wa mwisho, niliuliza nani atalala humo na wasichana. Mwenyekiti akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hilo tumeliona. Tutamtafuta mama mmoja ajitolee." Nikamwuliza, "Fundi naye mwenyekiti, amejitolea?" Watu wakacheka, lakini hawakuwa na jibu. Na kila dirisha katika mchoro lilikuwa na nondo.

Nondo hizo ndizo nilizokwenda kuzisema. Usiku wa tarehe 18 Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, huko Rombo, liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Nilikuwa kazini wakati huo, na nakumbuka walimu tulivyokaa kimya mbele ya redio. Mwezi Agosti 2009 moto uliwaka usiku katika bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, wakafa 12. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Mwezi Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera.

Majirani zetu wa Kenya wameonja machungu hayo mara nyingi zaidi. Mwezi Machi 1998 ilikuwa shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani, wakafa zaidi ya 20. Machi 2001 ilikuwa Kyanguli, wilaya ya Machakos, wakafa wavulana 67. Septemba 2024 ilikuwa Hillside Endarasha, Nyeri, wakafa wavulana 21. Katika Bombolulu na Kyanguli jambo moja lilijirudia katika masimulizi ya waliookoka: mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwaka 2008 wizara ya elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha viwango vya usalama mashuleni. Kinataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na mlango usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Yaliyotokea baadaye yameonyesha kwamba kitabu hakikeshi. Anayekesha ni mtu.

Sasa tazama jinsi historia ilivyotufikisha hapo. Mtu aliyeamua kufunga bweni la wasichana kwa nje hakuwa mwuaji. Alidhani analinda. Alikuwa na wavulana wa mtaani wa kuwazuia na wasichana wa kuwazuia, na picha ya ulinzi aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya ghala la saruji na ya kambi ya manamba: weka kufuli, hesabu asubuhi. Picha ya dungu haikumjia. Tulirithi kufuli ya kambi badala ya jicho la mjomba.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiajiri, nilijizoeza kuuliza maswali machache ya kawaida, halafu moja la mwisho. Barua ya mtendaji wa kijiji niliitaka, na wadhamini wawili, tena nilikwenda mwenyewe kuwaona wadhamini, kwa sababu mtu mbaya hutafuta kazi penye watoto kwa makusudi, na hakuna msiba kama kumkabidhi fisi bucha. Bweni la wasichana halikupewa mwanamume hata siku moja, awe mzee kiasi gani; yeye alikuwa wa lango na uzio. Kisha nikauliza: "Ni saa nane za usiku. Unaona moto bwenini. Funguo iko wapi?"

Majibu yalikuwa mengi. Mmoja, aliyewahi kulinda kwenye kiwanda, alisema, "Nitakuja kukuamsha wewe Mwalimu, kwa sababu funguo ni ya mkubwa." Mwingine alisema atapiga firimbi. Kijana aliyetoka kumaliza mafunzo ya JKT alijibu vizuri zaidi, kwamba funguo iko mfukoni mwake na haitoki hapo mpaka apokewe zamu. Nilimchukua yule kijana kwa lango, na sikujuta. Kambi ya JKT hapa kwetu Chita imewafundisha wengi kwamba aliye kwenye lindo halali. Ni elimu yenye thamani, na kampuni ya ulinzi ya shirika la JKT imewapa wengi wao ajira.

Lakini jibu ninalolikumbuka lilitoka kwa mama mmoja mjane, mwenye darasa la saba, aliyekuja kuomba umatroni. Alinitazama kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Akasema, "Shikamoo Mwalimu, naomba nikuulize na mimi. Kwani mlango wa watoto unafungwa kwa nje kwa nini?" Alikuwa amelea watoto wake kwenye dungu, misimu mingi ya mpunga. Kwake komeo ni kitu cha ndani, kinachowekwa na anayelala ili asiyetakiwa asiingie, na kinachofunguliwa na yeye mwenyewe. Nilimwajiri siku hiyo hiyo. Usiku alipita kitanda kwa kitanda na taa ya chemli iliyopunguzwa, na kwa kuwa kila kitanda kilikuwa na chandarua alihesabu kwa kugusa miguu. Baada ya wiki tatu alijua miguu ya nani ni ya nani. Msichana mwenye homa alimjua kwa joto la unyayo kabla mwenyewe hajalalamika. Mtu wa namna hiyo utamlipa kiasi gani?

Nalifikia basi suala la malipo, ambalo wengi hulikwepa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, inastahili nyongeza ya asilimia 5. Sasa chukua mlinzi wetu wa kawaida, anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 7 kwa wiki. Hizo ni saa 84. Kwa wiki nne ni saa 336. Sheria ingemruhusu afanye saa 180 za kawaida na 50 za ziada, jumla 230. Saa 106 zinabaki, na hizo hakuna mwanadamu anayezifanya akiwa macho. Anazifanya amelala kwenye kiti, nasi tunajidanganya kwamba tuna mlinzi.

Wawili wakipokezana usiku kwa usiku, kila mmoja hupata wastani wa saa 42 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inaruhusu zamu ya saa 12 pakiwa na makubaliano ya maandishi, mradi isizidi siku 5 na saa 45 kwa wiki. Kwa hiyo hesabu ya mlinzi mmoja ni hesabu ya uongo tangu mwanzo. Wazee wa dungu waliijua bila kusoma sheria.

Najua nitaulizwa fedha zitoke wapi. Zamani shule nyingi zilimlipa mlinzi kwa michango ya wazazi. Mwaka 2016 elimu ilipoanza kutolewa bila malipo na michango ya lazima ikakatazwa, wazazi wengi walipata nafuu ya kweli, lakini mlinzi akabaki bila mwenyewe. Kima cha chini kilichotangazwa na serikali mwaka 2013 kwa walinzi wa kampuni ndogo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na kimepandishwa tangu wakati huo. Mlinzi wa shule ya kijijini mara nyingi hata hicho cha zamani hakukifikia. Basi analima mchana ili ale, na usiku mwili unadai haki yake.

Tena kuna deni ambalo halimo katika sheria. Ifakara ni mji unaojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Watafiti wake wamesema kwa muda mrefu kwamba chandarua humkinga aliyelala ndani yake, na kwamba mbu wanaouma nje ni tatizo jingine. Nani yuko nje usiku kucha katika bonde la mbu? Ni mlinzi. Tunampa mtoto chandarua, na mlinzi wake tunampa rungu. Koti refu, viatu vya buti na dawa ya kupaka mwilini si anasa kwake. Ni vifaa vya kazi kama chaki kwa mwalimu.

Yule mwenyekiti wa kijiji jirani hakuudhika na swali langu. Kikao kiliendelea mpaka jua likazama. Mzee mmoja alishauri kila kitongoji kitoe mpunga wakati wa mavuno kwa ajili ya matroni wawili wa kupokezana, na akina mama wakataka wao ndio wawachague, kwa kuwa wanajua nani hafai kukaa na watoto wa watu. Nondo zilileta ubishi mkubwa zaidi. Baba mmoja alisema dirisha bila nondo ni kumkaribisha mwizi. Fundi alisema inawezekana kuweka nondo zenye bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, lakini zitaongeza gharama. Kikao kikaahirishwa bila kuliamua hilo, na hadi ninapoandika haya halijaamuliwa.

Nawaachia wenzangu wenye dhamana ya shule, hosteli na makao ya watoto neno moja la mtu aliyeifanya kazi hii. Siku ya kumwajiri mtu wa kukesha, usimfanyie usaili ofisini. Mpeleke bwenini wakati wa usiku, zima taa, mwambie afungue milango yote, na wewe uhesabu kwa saa ya mkononi. Kisha muulize majina ya watoto kumi baada ya mwezi mmoja. Asiyeweza kufungua na asiyetaka kujua majina, mpeleke akalinde saruji.